Anayeshikilia chuma naye ana macho

Kwa Mhariri,

Naandika kwa ajili ya wale wanaoshikilia chuma fundi anapochomelea. Ukipita Kariobangi Light Industries saa nne asubuhi utawaona. Fundi ameinama, kinga usoni, rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunga, inatema cheche, na mbele yake kijana amechutama akishikilia upande wa pili wa bomba ili lisicheze. Kijana huyo hana chochote usoni. Ameambiwa afumbe macho. Ni mwanagenzi, na mara nyingi amelipa pesa zake mwenyewe ili apate nafasi ya kuchutama pale.

Mimi pia nimechutama hapo. Miaka sita niliwauzia mafundi hao chapati na maharagwe, na nilipofikisha miaka 36 nikamwendea mmoja wao nikamwomba anifunze kuchomelea. Hakunicheka. Aliniambia, "Mama Chapati, leta elfu nane, na uje na viatu vya kufunika vidole." Nusu nilimlipa taslimu, nusu akaila kwa chapati.

Miezi miwili ya kwanza kazi yangu ilikuwa kushikilia tu: fremu za madirisha, bawaba za mageti, bomba za geji 16, yaani zenye ukuta mwembamba. Fundi alikuwa akisema "Macho!" halafu anawasha. Nafumba, nageuza uso pembeni. Lakini ukiwa umefumba hujui amemaliza lini, kwa hiyo unafungua mapema, naye ndiyo kwanza anaongeza nukta nyingine. Tena nyuma yangu kulikuwa na mabati mapya yameegemezwa ukutani, na hayo yalinirudishia mwanga hata nilipoupa moto kisogo.

Siku moja tulifunga geti kubwa, tukamaliza saa kumi na mbili jioni. Nilienda nyumbani Dandora salama kabisa, nikapika, nikalala. Saa saba usiku niliamka nikihisi kama kuna mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yalitiririka bila kukoma, na binti yangu alipowasha tochi ya simu nilipiga kelele. Jirani alikata viazi vibichi akaniwekea machoni, kwa kuwa ndivyo kila mtu hapa mtaani anavyofanya. Vilinipoza kidogo, lakini havikuponya kitu. Asubuhi yule mtoto, mwenye miaka tisa, alinishika mkono hadi zahanati.

Daktari alinieleza kwamba mwako wa kuchomelea una miale isiyoonekana, ileile ya jua inayobabua ngozi, ila hapa inatoka karibu na kwa nguvu. Inaunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na maumivu hayaji papo hapo bali baada ya saa kadhaa. Ndiyo sababu mtu hulaumu vumbi, au moshi wa jiko. Alinipa dawa, akaniambia jicho litajirekebisha kwa siku moja au mbili, lakini nisiruhusu hali hiyo ijirudie. Miwani ya jua ya barabarani, ambayo wengi wetu tunaitegemea, alisema haifai kabisa kwa kazi hiyo. Kioo cha kinga kinachofaa kwa rodi za kawaida ni cha giza namba 10 au 11.

Nilinunua kinga ya kushika mkononi, yenye kioo namba 11. Haikufika shilingi elfu moja. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza, na hili ndilo hasa linaloniuma.

Kuchomelea ni kazi ya kuona. Nyuma ya kioo ule mwanga unatulia, na chini ya ncha ya rodi unaona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kidogo kama punje ya dengu, kinakufuata unakokwenda. Ukiharakisha kinakonda. Ukizubaa kinapanuka, halafu geji 16 inatoboka na unabaki na tundu la kuingiza kidole. Ncha ya rodi inataka kukaa karibu na chuma, umbali wa unene wa rodi yenyewe. Mimi mkono wangu ulijifunza kwa sikio: umbali ukiwa sawa, mlio ni ule wa maandazi yanapoingia kwenye mafuta yaliyoshika moto vizuri. Ukiinua sana unasikia mpasuko na cheche zinaruka hovyo. Ukishusha sana, rodi inanata. Wiki ya kwanza zangu zilinata nikahesabu hadi kumi na saba kwa asubuhi moja, hadi fundi aliponionyesha kuikwaruza kama njiti ya kiberiti, na ikinata kuipinda upande kwa kuzungusha kiganja badala ya kuivuta. Baadaye akaniwekea mashine kwenye ampea 70, rodi ya milimita 2.5, akanirushia vipande vya chuma chakavu. "Choma hivyo mpaka vilingane," akasema.

Yote hayo yalikuwa yakitendeka mbele ya pua yangu kwa miezi miwili, nami nimefumba macho. Mkono wa fundi yule ni mzuri kuliko wa yeyote ninayemjua. Ningekuwa nauangalia.

Moshi nao usisahaulike. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa bila kukwanguliwa hutoa moshi mweupe, na jioni mtu anatetemeka kama mwenye malaria. Tunaambiana tunywe maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea mwaka 2017 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanyeni kazi hiyo nje, upepo ukitoka mgongoni au ubavuni, na zinki iondolewe kwanza kwa grainda, barakoa ikiwa usoni.

Najua kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Lakini mwanagenzi wa jua kali hana barua ya kazi wala mshahara, na fundi humwona kama mgeni aliyekuja kuangalia. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwanza kwa mafundi wenyewe, ndugu zangu ambao wengi wao wamekula chapati zangu. Mnapopokea ada ya mwanafunzi, toeni humo bei ya kinga ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Na wateja mnaosimama pale mkisubiri geti lenu, mkiona mtoto wa watu anashikilia akiwa uso mtupu, mwambieni fundi asimame. Mteja akisema, anasikilizwa.

Mimi sasa nina mashine yangu ndogo na meza niliyoiunga mwenyewe. Kinga mbili zimening'inia kwenye msumari kando ya swichi. Jumatatu anakuja msichana wa jirani kuanza, na ya kushoto ni yake.

Mama Chapati,
Dandora, Nairobi