Wanaokwenda Ujerumani wafundishwe pia kununua chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wazazi wenzangu ambao vijana wao wanajiandaa kwenda Ujerumani, pamoja na walimu wanaowafundisha Kijerumani. Mji wetu wa Tanga una uhusiano wa siku nyingi na nchi hiyo, tangu enzi ya kujengwa kwa reli hadi udugu wetu wa leo na mji wa Eckernförde, kwa hiyo safari hizi si ngeni kwetu. Kijana hufundishwa lugha, husaidiwa kujaza fomu za viza, hununuliwa koti la baridi, kisha huagwa kwa dua. Sijasikia bado darasa linalomfundisha namna ya kununua chakula atakapofika, na mimi nimeona kwa macho yangu hasara inayotokana na jambo hilo.

Binti yangu anaishi huko na mumewe, ambaye ni mwanafunzi. Alipojifungua nilipata viza ya siku 90, nikaenda kumtazama katika arobaini yake. Nilimkuta amekonda kuliko siku aliyoondoka, kwa kuwa kwa miezi saba, na ujauzito juu, alikuwa akiishi kwa mkate, chai na viazi vya kukaanga vinavyouzwa vikiwa vimegandishwa. Fedha ya chakula walikuwa nayo, na duka kubwa lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni kwao. Aliniambia kwamba kila alipoingia humo aliona pakiti asizozielewa, akachukua alichokitambua kwa picha, akatoka.

Nianze na begi la safari, kwa maana hata mimi nilikosea hapo. Nilibeba chupa mbili za samli, machungwa ya Muheza na ng'onda, yaani samaki wakavu. Uwanjani afisa wa forodha alichukua samli na machungwa, akaniachia ng'onda, na alikuwa katika haki yake. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamkataza msafiri atokaye nchi kama yetu kuingiza nyama, maziwa na vyote vitokanavyo na vitu hivyo. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu, nayo ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Samaki kwa matumizi ya nyumbani huruhusiwa hadi kilo 20. Niliumia nilipoelezwa hayo baadaye, kwani nazi nilikuwa nazo nyumbani nikaziacha, nikidhani ndizo zitakazozuiwa.

Nilifika karibu na Pasaka. Kule maduka hufungwa Jumapili na siku za sikukuu kwa mujibu wa sheria, ukiacha machache yaliyoko kwenye vituo vikubwa vya treni na vya mafuta. Ijumaa Kuu maduka yalifungwa, Jumamosi tukapitiwa kwa shughuli za mtoto, Jumapili yakafungwa tena, na Jumatatu ya Pasaka vilevile. Sisi tuliozoea genge la jirani lililo wazi hadi saa nne usiku, ambako hata ukikosa fedha muuzaji anakuandika kwenye daftari, hatuwezi kulifikiria jambo hili mpaka litukute. Mzazi aliyejifungua siku tisa tu zilizopita alilala kwa mayai mawili na tambi.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni unga. Kwenye pakiti za unga wa ngano wa Ujerumani huandikwa namba, kama vile 405, 550 au 1050. Binti yangu alizidhani ni bei au uzito. Namba hiyo huonyesha miligramu za majivu yanayobaki unapochomwa unga wa gramu 100, yaani kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unga unavyokuwa na pumba nyingi na rangi iliyokolea. Ule wa 405 ni mweupe na laini, unafaa kwa keki, na huo wa 550 ndio uliotupa chapati na maandazi yanayofanana na ya kwetu. Yeye alikuwa amenunua pakiti iliyoandikwa Roggen, ambayo ni nafaka nyingine kabisa, chapati zikamshinda, akaamini kwamba unga wa Ulaya haufai na asinunue tena. Miezi saba bila chapati kwa ajili ya neno moja! Hali ni hiyo hiyo kwa unga wa mahindi. Kinachouzwa katika duka la kawaida kwa jina la Polenta kwa kawaida ni cha njano na cha chenga, na ugali wake haushikani. Unga mweupe na laini hupatikana katika maduka ya Waafrika na ya Waasia, ambako pia tuliona ndizi za kupika na muhogo uliogandishwa.

Duka lililotuokoa zaidi, hata hivyo, lilikuwa la Waturuki. Waturuki walianza kwenda Ujerumani kwa wingi kufanya kazi baada ya mkataba wa nchi hizo mbili wa mwaka 1961, na maduka yao yamo karibu katika kila mji mkubwa. Humo tulipata bamia, dengu, giligilani mbichi na nyama iliyochinjwa kwa halali. Mwislamu anayekwenda huko na ajifunze maneno manne kabla hajapanda ndege: Schwein ni nguruwe, Speck na Schmalz ni mafuta yake, na Gelatine, inayotiwa katika peremende na vitamutamu vingi, mara nyingi hutokana naye. Maneno hayo yameandikwa wazi kwenye pakiti, lakini asiyeyajua hawezi kujikinga nayo.

Katika duka la kujihudumia hakuna kupatana bei wala nyongeza, na mwanzoni hilo lilinikosesha raha. Baadaye niligundua kitu ambacho natamani tungekuwa nacho hapa. Chini ya bei ya kila bidhaa, kwa maandishi madogo, huandikwa bei ya kilo moja au ya lita moja, hata kama pakiti ni ya gramu 370. Kwa mama aliyezoea kupima kwa jicho fungu la nyanya pale sokoni Mgandini na kukadiria kisado kipi kimejazwa vizuri, maandishi hayo ni msaada mkubwa, maana pakiti kubwa iliyopambwa mara nyingine ina bei ya juu kwa kilo kuliko ile ndogo iliyowekwa rafu ya chini. Tulianza kusoma namba hizo ndogo peke yake, na fedha ya wiki ikaanza kubaki.

Chupa nazo ni fedha. Unaponunua maji au soda katika chupa ya plastiki inayotumika mara moja, au katika kopo, hutozwa amana ya senti 25, nayo hurudishwa ukiitumbukiza chupa kwenye mashine iliyoko dukani. Binti yangu alikuwa akizitupa. Siku nilipokusanya mifuko iliyokuwa kibarazani kwake tulihesabu chupa 60, ambazo ni euro 15. Kuhusu mfuko wa kubebea, sisi tuliokwishazoea mifuko mbadala tangu Juni 2019 hatuna la kujifunza.

Ninaloomba ni dogo. Walimu wa Kijerumani watenge walau vipindi viwili vya kusoma maandishi ya pakiti za chakula, badala ya kumaliza muhula mzima kwa mazungumzo ya kujitambulisha na kuuliza njia. Wazazi nao, kabla ya kununua begi la pili, waulize ni kipi kinaruhusiwa kuingia.

Nilirudi na pakiti tupu za unga wa aina nne, za peremende, za maziwa na za nyama, pamoja na risiti za miezi miwili ambazo nimeziandikia tafsiri pembeni kwa mkono. Mwalimu yeyote wa hapa Tanga atakayezihitaji kwa ajili ya darasa lake nitamkabidhi bila malipo, na akiniruhusu nitakaa na wanafunzi wake niwaonyeshe moja baada ya nyingine.

Wako mwaminifu,
Mama wa watoto wanne,
Ngamiani, Tanga