Zawadi ya mwalimu wa mwaka wa tano

Bamama na bababa, hamjambo? Shule inafunga, na mwalimu wetu hatuwezi kumwacha aende mikono mitupu. Tuchange franka 5.000 kwa kila familia, mwisho Alhamisi jioni, mkononi mwa mweka hazina au kwa simu. Aliyebanwa alete 2.000, hakuna atakayemuuliza.

Nimefikiria hivi:
1. Kitenge cha yadi 6 kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mama Mapacha ndiye anayejua kupatana bei, tumtume yeye.
2. Kahawa ya kisiwa cha Idjwi, kilo moja.
3. Daftari ambamo kila mtoto anaandika mistari miwili kwa mkono wake, hata herufi zikipinda. Hili halina gharama, na mimi naona ndilo atakalolitunza.

Vikombe hapana, tafadhali! Mwaka jana tulimpa kimoja, akacheka, akasema kabati limejaa.

Jumamosi saa tisa alasiri tukutane kwangu Nguba tufunge zawadi. Watoto waje na kalamu za rangi.

Kabla ya kesho jioni, kila mmoja aandike hapa "nipo" na namba ya zawadi anayoipenda. Asanteni sana.