Barua ya wazi kwa walimu wa sheria wa Mwanza: mhojiwa namba 7 anawasubiri

Wanangu walimu wa sheria,

Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba. Mimi ni mzee wa baraza mstaafu. Miaka mingi nimekaa ubavuni mwa mahakimu wa mahakama ya mwanzo, nikisikiliza kesi za mashamba, ng'ombe wa mahari, nyavu zilizoibwa na mirathi. Shahada sina.

Shughuli zenu nazifuatilia, na sitakuwa mnafiki: zinanifurahisha. Mmoja kachapisha makala kwenye jarida la Ulaya, mwingine karudi juzi kutoka kongamanoni, na wengine nawasikia redioni asubuhi mkieleza kwamba tangu 2021 baraza la kata linapatanisha tu migogoro ya ardhi, haliamui tena. Hilo watu walikuwa hawalijui. (Ila yule wa redioni apunguze "kimsingi". Nilihesabu kumi na tisa kabla chai haijapoa.)

Nina neno moja tu. Kuna mwaka mwalimu mmoja alikuja na vijana wake wawili kwenye mwalo tunakouzia dagaa. Wakakaa juu ya kreti za soda, wakatuhoji habari za wajane na mirathi, simu zikirekodi. Tukapewa karatasi za ridhaa. Shemeji yangu, mjane, alitia dole gumba huku magamba ya dagaa yamemganda kiganjani, na moja likabaki limenata kwenye karatasi kama muhuri. Wakaahidi kutuletea majibu. Hatukuwaona tena.

Mwaka jana mjukuu wangu akaikuta makala ile kwenye simu, akawa ananisomea na kutafsiri. "Mhojiwa namba 7, mwanamume, mzee wa baraza..." Nikamwambia huyo ni mimi! Maneno yangu yamevuka bahari na mimi mwenyewe sijayasoma. Mhojiwa namba 8 ni shemeji. Muda wote huo alikuwa anaamini kwamba mtoto wa mumewe, kwa kuwa ukoo ulimpendekeza na mahakama ikamteua msimamizi wa mirathi, basi nyumba ni yake. Makala ilikuwa imeeleza vizuri kabisa kwamba msimamizi anakusanya mali, analipa madeni na kugawa, na kwamba ndani ya miezi 4 anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni. Jibu la shemeji lilikuwepo, kwa Kiingereza.

Najua pointi za kupanda cheo hazitolewi mwaloni. Jarida la nje lina uzito wake, andikeni huko. Ninachoomba ni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila makala, urudishwe kwa wale mliowahoji na usomwe kwa sauti, maana wapo wasiojua kusoma.

Tena msianzie mbali. Kila mwaka mnafundisha shauri la Holaria Pastory. Lilihukumiwa hapa hapa, Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mama wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akapinga kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Jaji akasema mila hiyo inagongana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume. Lakini ukoo hakuufungia mlango: aliyepinga akapewa miezi 6 alikomboe shamba kwa bei ileile. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Niliwauliza akina mama wanne wauza samaki Kirumba kama wamewahi kulisikia jina la Holaria. Mmoja akadhani namuulizia mteja anayedaiwa.

Mtaniambia Kiswahili cha sheria hakijakomaa. Mwaka 2021 Bunge lilishakifanya lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama ya mwanzo tulikuwa nacho siku zote. Rehani, dhamana, amana, kukomboa shamba, kula yamini: hayo tuliyatumia barazani bila semina. Yanayopungua njooni tuyatafute pamoja, kabla wazee wa baraza hatujaisha. Mwenzangu niliyekaa naye miaka mingi tumemzika Machi, na maneno aliyokuwa nayo hakuna aliyeyaandika.

Jambo dogo la ratiba. Mihadhara yenu ya wazi huwa mnaiweka katikati ya wiki, saa nane mchana, halafu mnashangaa ukumbi umejaa wanafunzi watupu. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na watu wako nyumbani wakishona nyavu. Pangeni kwa mwezi, achaneni na muhula.

Mwezi ujao ukipevuka nitakuwa pale penye kreti za soda kuanzia alasiri. Shemeji ameahidi sato wa kukaanga, na anasema ana maswali matatu. La kwanza ni kuhusu ile miezi 4, kwa sababu kwake imeshapita miaka 2.