Nungu wa pwani angefaa skulini

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi niseme kuhusu somo la bayolojia, manake mwanangu yuko kidato cha sita na kila usiku namsikia anakariri jeni, jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, michoro ya kitabuni tu, na hapa Jambiani maji yakitoka huendi kwenye mwani bila kukwepa nungu wa bahari asikuchome.

Sasa huyo nungu ndo wanasayansi wanamsomea jambo hilo hilo la jeni. Yule wa zambarau wa pwani ya California jeni zake zote zilisomwa mwaka 2006, kama 23,000 hivi, na marehemu Eric Davidson, mwanasayansi wa Marekani, na wenzake walichora ramani ya jeni ipi inaamrisha ipi.

Mimi kilichonishika ni hiki kiunzi chake cha chokaa. Yai likishatungwa linagawika, likifika seli 16 utaona nne ndogo ndogo upande wa chini, vizazi vya hizo ndo vinakuja kujenga kiunzi. Jeni inayoanzisha kazi ni alx1, ila kumbe kwenye seli nyengine zote imekabwa na jeni ya hesC, na kwenye zile ndogo tu inaamka pmar1 inaikaba hesC, basi alx1 inapata upenyo, yaani askari wa geti kaitwa pembeni na mkubwa wake watu wakapita. Walipoilazimisha pmar1 ifanye kazi kiinitete kizima, yaani mtoto anayeanza kuumbika, seli zilizokuwa ziwe ngozi na utumbo nazo zikashika njia ya wajenzi wa kiunzi! Wakaizima alx1, mtoto hana kiunzi kabisa. Na wajenzi hawajipangi wenyewe, ngozi ndo inawatumia ishara, protini iitwayo VEGF, wakae wapi, na VEGF hata sisi binadamu tunayo, inaotesha mishipa ya damu.

Huyu wetu si yule wa California, sawa, lakini kiinitete chake nacho unaona mpaka ndani, hadubini ya skuli inatosha. Mwalimu anamdunga nungu potasiamu kloridi kidogo anamwaga mayai au mbegu, anachanganya kwenye maji safi ya bahari, siku mbili tatu watoto wanaona vijiti vya chokaa kwa macho yao.

Kwa hiyo wanaopanga mitaala watuwekee japo kipindi kimoja cha hivi, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu wakiweza wawaonyeshe walimu wetu namna ya kufanya, kabla ya mitihani ijayo.

Mzazi na mkulima wa mwani,
Jambiani, Unguja