Hemedi, usikubali wafungue hedi kabla ya kupima presha ya maji

Hemedi ndugu yangu,

Asalaam aleykum. Za Mbagala, watoto hawajambo, mguu wa shemeji umepona? Sisi huku Tanga wazima, bi mkubwa anakusalimia sana na anauliza ule mkeka wako utaufuata lini maana panya wameanza kuuchungulia. Kimya chako kilikuwa kirefu mno afu ukavunja kimya kwa voisi ya habari mbaya, kwamba Subaru yako inapunguza maji na fundi anasema gasketi ya hedi (ile pakingi kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, anataka kuifungua Jumamosi. Nimeisikiliza nikiwa njiani natoka Ngamiani, nikaona hii siwezi kukujibu kwa voisi, bora nikuandikie uwe nayo uisome taratibu, na ukitaka msomee na huyo fundi wako.

Nakuomba, hiyo Jumamosi usimpe gari. Sisemi fundi anakudanganya, inawezekana gasketi imeungua kweli, hizi injini zina umri sasa na gasketi zinaenda. Ninachosema ni kwamba hajapima. Kwa ulivyonieleza amefungua boneti, kachungulia chini hajaona tone, kaona mapovu kwenye ile chupa ya akiba ya maji ya rejeta, basi, hukumu ishatoka. Na unajua hedi za Subaru zimelala kushoto na kulia, mara nyingi injini inashushwa kabisa, taimingi belti inatolewa, hedi mbili zinapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, sili mpya, na akifunga vibaya kidogo unaanza kuvujisha oili ambayo ilikuwa haivuji. Hela yake unaijua mwenyewe. Kupima presha hakumalizi hata saa moja.

Nasema hivi kwa sababu yangu ilikuwa vile vile. Ile Forester yangu ya 2003, SG5 yenye tundu kwenye boneti, injini EJ205 kama yako, ilianza baada ya Idd. Nikifungua asubuhi maji yamepungua kwenye lile tanki dogo la juu, sio sana, kidogo kidogo, lakini kila nikijaza yanaondoka. Chini pakavu kabisa. Oili safi, moshi hamna, geji iko palepale katikati. Kitu kimoja tu, nikishaegesha nikishuka kuna harufu tamutamu upande wa dereva, ya kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyoungua, inakaa kidogo inapotea. Pale kijiweni kila mtu alikuwa daktari. Mmoja kasema gasketi. Mwingine kasema tia yai, mwingine binzari, eti inaziba. Bakari yeye alitaka tung'oe thamostati, kile kivalvu cha maji kinachofunguka kwa joto, tuitupe kwa sababu nchi hii ya joto haina kazi.

Hapo kwenye thamostati nikae kidogo maana najua na wewe utaambiwa. Kazi yake sio ya nchi za baridi. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 mpaka 80 hivi na inafunguka yote kwenye 91, na ikiwa imefunguka inafunga ile njia ya mkato ili maji yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupoa, afu ukiwa kwenye mlima ndo unashangaa gari inachemsha. Na isipopanda joto lake mapema injini inakunywa mafuta na kuchakaa. Kwa tatizo la kuvuja haisaidii chochote! Na hayo mayai na binzari, na hata ile dawa ya dukani ya kuziba, haijui tobo ni lipi na njia ya maji ni ipi. Inachoziba ni vile vitubu vyembamba vya rejeta na vya hita, na tabo ya hii gari (ile inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi) inapozwa kwa maji pia, njia zake ni nyembamba, ukiiziba umeiua. Nilikataa vyote.

Nikaenda kwa fundi Mzee Shomari. Akaniambia niache gari ilale pale, atapima alfajiri ikiwa baridi kabisa. Ana ile pampu ya mkono yenye geji, unaifunga mahali pa mfuniko wa lile tanki la juu, unapampu mpaka kama baa 1, ndo presha inayokaa humo gari ikiwa imechemka, ila sasa injini imezimwa na hakuna cha kukuunguza. Mshale ukisimama, mfumo mzima. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali, kazi ni kutafuta tu. Wa kwangu ukashuka taratibu huku tunautazama. Chini pakavu vile vile. Akatoa intakula, kile kipoza hewa ya tabo, si unajua inakaa juu inafunika kila kitu, akamulika na tochi, na pale chini ya tabo kuna kimpira kifupi cha maji, tukakiona kimepasuka ubavuni na bati la pembeni lina madoa meupe ya kulanti iliyokauka. Kimpira chenyewe kigumu kama kaki, ukikibonyeza hakirudi.

Ndo ujue kwa nini chini palikuwa pakavu. Kile kimpira kipo katikati ya joto la eksozi, tone likidondoka linaangukia chuma chenye moto mkali linakuwa mvuke hapo hapo, linabaki harufu na doa jeupe. Kwaiyo "sioni tone" kwenye gari ya tabo sio ushahidi wa gasketi, nakwambia kweli. Kingine alichonifundisha, mpira na klipu zinaweza kuvuja injini ikiwa baridi zikaacha kuvuja ikiwa moto, kwa sababu chuma kinatanuka kinabana. Wengi wanapima gari ikiwa imetoka barabarani, hawaoni kitu.

Tukabadilisha, akapampu tena. Nikajua tumemaliza. Mshale ukashuka tena! Pole pole zaidi, lakini ukashuka. Mzee akasema hii ni kawaida, tobo kubwa likiwepo presha haipandi vizuri, ukiliziba presha inapanda kweli na kutafuta palipo dhaifu pengine. Safari hii ilikuwa rejeta, pale plastiki ya juu inapobanwa na aluminiamu, ufa mwembamba ambao usingeuona bila kupangusa. Ile plastiki ikizeeka inageuka rangi ya kahawia, ya kwangu ilikuwa ishageuka. Kuna jamaa alitaka kunigandishia gundi, nikakataa, pale panatanuka na kusinyaa kila siku na kuna presha juu yake, gundi haikai. Nikatia rejeta mpya. Yako ni otomatiki, kwaiyo ukifika huko angalia rejeta yenye matundu mawili ya oili ya giaboksi chini, usiuziwe ya manyuo (gia za mkono). Kupima mara ya tatu mshale ukasimama, na nakwambia Hemedi nilifurahi, Mzee Shomari mwenyewe alienda kunywa chai akarudi, upo palepale.

Sasa mapovu yako. Kabla fundi hajaona mapovu alikuwa ameshajaza maji, sio? Na alitoa upepo? Maana hii injini ukiimwagia tu maji na kufunga inabaki na upepo ndani, na upepo huo utatoka kama mapovu na mtu atakwambia gasketi. Fanya hivi gari ikiwa baridi: iegeshe pua ikiwa juu kwenye mwinuko, weka hita kwenye joto la mwisho, fungua ile skrubu ndogo kwenye kona ya juu ya rejeta, jaza taratibu kupitia tanki la juu mpaka hapo kwenye skrubu yatoke maji bila upepo, funga skrubu, washa, acha mpaka feni ziwake, zima, iache ipoe kabisa afu ongeza. Mapovu ya upepo yanaisha. Ya gasketi hayaishi, yanakuja mfululizo na ukikanyaga mafuta yanazidi, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika chache tu tangu uwashe ikiwa baridi, na ile chupa inajaa mpaka inamwaga badala ya kurudisha maji. Ukiyaona hayo basi hata mimi nitasema gasketi. Na kuna ile dawa ya buluu ya kupimia, wanaiweka kwenye shingo ya tanki, gesi ya moshi ikipita inageuka njano. Muulize fundi kama anayo. Kama hana hiyo na hana pampu, atajuaje?

Cheki na haya mawili. Inua zulia la abiria, kama limelowa au kioo cha mbele kinaweka ukungu wenye mafuta mafuta, hiyo ni hita inavuja. Afu mulika chini ya kava za taimingi belti, ukiona mchirizi umekauka hapo ni pampu ya maji, ina kitundu chake kinachodondosha maji sili ikichoka, na pampu inazungushwa na taimingi belti hiyo hiyo kwaiyo kama belti yako imekaribia kilomita 100,000 toa vyote pamoja usilipe ufundi mara mbili. Na mfuniko wa moto usifunguliwe na mtu yeyote, maji yanaruka na kuunguza, unakumbuka yaliyompata Salehe pale Segera.

Maji, tia kulanti nusu na maji safi ya dukani nusu, yale ya betri yasiyo na asidi. Huku kwetu watu wanajaza maji ya kisima, na visima vya pwani vina chumvi, aluminiamu inaliwa kimya kimya ndani. Rejeta yangu ya zamani tulivyoikata, ndani ilikuwa na ukoko wa kutisha, aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anajaza bomba tu miaka yote.

Nilivyomaliza sikutaka kujaribia hapa mjini pa tambarare. Nikampakia bi mkubwa na Mama Zuhura na mizigo ya harusi ile ya Lushoto, tukapanda kutoka Mombo, kama kilomita 33 za kona na mlima, AC imewashwa. Geji ya hizi gari usiiamini sana, inaweza kukaa katikati joto likipanda na ikianza kusogea umeshachelewa, ndo maana nimechomeka kile kidude chini ya dashibodi kinasoma joto kwenye simu. Soni tulisimama kununua plamsi, nikafungua boneti kunusa. Hamna harufu. Asubuhi yake maji yako kwenye mstari. Bi mkubwa ananiuliza unanusa nini mwanangu, nikamwambia nanusa hela yangu.

Sasa na mimi nina shida. Vile vimpira viwili vidogo vya maji vinavyoingia kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), na mipira ya hita kule nyuma kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, bado ni ya zamani na sitaki kungoja ipasuke. Hapa Tanga nimezunguka, wananipa mpira wa petroli wanasema ni sawa, sio sawa, mpira wa petroli haukutengenezwa kwa maji ya moto ya kulanti. Ukipita Gerezani au Ilala niangalizie, halisi ikipatikana, ikikosekana basi wa rejeta wenye nyuzi ndani. Nitakutumia picha na vipimo vya ndani. Na mfuniko wa tanki la juu, soma namba ya presha iliyoandikwa juu, 0.9 na 1.1 sio kitu kimoja, mimi nataka 1.1. Usichukue wa rejeta ukaniletea kwa tanki, hii gari ina mifuniko miwili na haibadilishani. Hela nakutumia kwa simu, mzigo mpe kondakta yeyote wa basi la jioni nitaupokea Kange.

Nijibu haya basi. Maji yanapungua kiasi gani kwa wiki, na yanapungua gari ikitembea au hata ikilala? Harufu je, umeisikia, na upande gani? Belti ilibadilishwa lini, kuna stika? Mpira wa juu ukiubonyeza asubuhi kabla ya kuwasha ni laini au una presha? Huyo fundi umempa hela ya mwanzo au bado? Kama umempa, kiasi gani, na anaweza kuigeuza ikawa ya kupima? Bakari anakuja huko wiki ijayo, nimpe pampu ya Mzee Shomari akuletee, mzee nimeshamuuliza kakubali ila anataka irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Unaitaka? Niambie leo nimwahi kabla hajakata tiketi.

Wako,
Mbwana
Makorora, Tanga