Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Sisi wana Klabu ya Sayansi tunakushukuru kwa kupanda mlima na tope lote hili kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani kwetu umeuona mzizi uliokatwa, ndani wa manjano kama bizari. Ni wa Berberis holstii, kichaka chenye miiba kinachoota huku milimani. Umanjano ule ni baberini, dawa inayodhuru bakteria. Lakini kwa bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, baberini peke yake haifui dafu. Bakteria huyo ana pampu kwenye utando wake, inaitwa NorA. Dawa ikiingia, anaitema nje kabla haijamfanya kitu.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, wakiwamo Frank Stermitz na Kim Lewis, walieleza kwamba Berberis za kwao zina kitu cha pili kwenye majani, 5'-MHC (kifupi cha 5'-methoxyhydnocarpin). Chenyewe hakina makali kwa bakteria. Kazi yake ni kuziba pampu. Ikishazibwa, baberini inajaa ndani na bakteria hana pa kuitemea. Hapo ndipo tuliposhika vichwa, maana darasani tumezoea kuuliza dawa ipi inaua, wala hatuulizi ipi inamzuia adui asijiokoe. (Hatusemi kila mchanganyiko unaouzwa mnadani unatibu.)

Mwalimu alitukataza katakata kuotesha bakteria wa majipu, tukatumia wa mtindi. Tulichovya vipande vya karatasi katika maji ya mzizi, tukavilaza juu ya agari, ule ute ulioganda wa kuoteshea bakteria. Kati ya sahani sita, nne ziliota ukungu wa kijani, kwa sababu vyombo tunavichemshia kwenye sufuria ya kawaida. Katika mbili zilizopona, kuzunguka karatasi palibaki ukanda mtupu, mwembamba kama ncha ya ukucha. Je, majani ya kichaka chetu nayo yana kile kizibo? Bado hatujayachanganya na mzizi.

Ili tuyachanganye, tunaomba sufuria moja ya presha, sahani za petri na jokofu dogo. Kwa sasa agari yetu inalala kwenye friji ya mama wa kantini, karibu na maandazi, naye amesema mwisho ni Ijumaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.