Kabla hujageuza jaruba la mpunga kuwa shamba la mahindi

Mangi, za siku? Meseji yako nimeiona, eti umechoka na vikao vya maji na msimu huu Chekereni unaweka mahindi tu. Nakuelewa, maana mtu miche iko kitaluni, jaruba umeshavuruga, halafu maji yanakata coz kuna jamaa huko juu kafungulia kwake usiku. Ila ngoja kwanza nikupe stori ya Bali, kule Indonesia, juzi nimesoma habari zao mpaka usingizi ukapaa.

Jamaa wanalima mpunga kwenye matuta ya milimani, na wote wanaotumia mfereji mmoja wana umoja wao unaitwa subak, kitu cha karibu miaka elfu. Maji wanagawa kwa gogo lililochongwa mapengo, wanalilaza katikati ya mfereji, mwenye eneo kubwa pengo lake pana, basi hakuna kubishana, kila mtu anaona. Na ratiba ya kupanda inapangwa hekaluni, kuna sadaka ya kupokea maji, kuna ya Dewi Sri mungu wao wa mpunga, maua na wali vinapangwa kwenye majani ya mnazi. Usicheke bana, hata mfongo, ule mfereji wa asili wa wazee wetu Wachagga, ulikuwa na ukoo wake na tambiko lake.

Sasa miaka ya 1970 serikali yao ikaja na mbegu mpya, kila mtu apande haraka haraka bila kusubiri ratiba, weee, wadudu wa kahawia wanaofyonza mpunga wakafagia mashamba na maji yakawa vurugu. Mmarekani mmoja Stephen Lansing akachunguza akaona ile ratiba ya hekalu ina akili: mkipanda pamoja mkavuna pamoja, eneo zima linakuwa halina mpunga kwa muda, mdudu anakosa chakula. Hapo ndo utamu ulipo mangi, wa chini anaogopa kukosa maji, wa juu maji anayo ila anaogopa wadudu wa wa chini, kwa hiyo lazima waelewane tu. UNESCO wakaiingiza hiyo subak kwenye urithi wa dunia 2012.

Rudi kwetu. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, watu wa juu wakaona mpunga unalipa, nao wakachepusha maji wakalima, wa chini wakabaki na majaruba makavu. Tumepiga kelele za faini na zamu miaka yote, wakati wa juu hana cha kumtisha kutoka kwetu. Au anacho? Kwelea kwelea, wale ndege wanaokula nafaka! Shamba linaloiva peke yake si ndo linaliwa lote, unalipa vijana wa kuamia ndege mpaka faida inaisha. Hiyo ndo hoja ya kuwapelekea wale wa juu, wote tuoteshe vitalu wiki moja, tuive pamoja.

Kikao ni Jumamosi asubuhi, njoo tuiseme wawili maana mimi peke yangu wataniona nimechanganyikiwa na habari za mahekalu. Na kuhusu pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, nimeshaongea na yule kijana, anakusubiri wewe tu.